Unarudi kusoma masta ya ushauri nasaha? Uliza kwanza nani atakusikiliza ukiwa kazini

Kwenye kitengo chetu cha mafunzo, washauri nasaha walioko kazini wanakuja na swali lilelile, nikasome masta au nichukue kozi fupi fupi za wikiendi zinanitosha? Mi huwa nawarudishia swali lingine, mara ya mwisho mtu kukusikiliza ukiwa na mteja ilikuwa lini? Wengi wanacheka tu, maana jibu ni enzi za fildi chuoni.

Sasa shida ndo iko hapo. Kazi yetu tunaifanya mlango umefungwa. Seremala akikosea meza inayumba na kila mtu anaona, sisi mteja asiporudi tunasema "hakuwa tayari huyo" tunaita mwingine. Kuna utafiti wa 2012, watu 129 wa afya ya akili waliambiwa wajilinganishe na wenzao, hakuna hata mmoja aliyejiona yuko chini ya wastani, na robo yao walijiweka kwenye ile asilimia 10 ya juu kabisa, hesabu yenyewe inagoma. Halafu ukaja mwingine 2016, watoa tiba 170 na wateja zaidi ya 6,500, wapo waliofuatiliwa karibu miaka 18, na kumbe kwa wastani miaka kazini ikiongezeka matokeo ya wateja hayapandi, yanashuka kidogo sana. Wapo waliopanda, sikatai, ila huwezi kukaa ukasema uzoefu utanifundisha wenyewe.

Kwa hiyo ukiangalia kozi ya uzamili usianzie kwenye jina la cheti. Nadharia utazipata, utafiti utafundishwa, na ni vizuri kwa sababu digrii ya kwanza inakugusisha kila kitu juu juu, huku ndo unachagua njia moja uizamie, iwe tiba ya fikra na tabia, tiba ya familia au kazi na watu wenye kiwewe. Lakini uti wa mgongo ni supavishen, yaani mtu aliyekutangulia anakaa na kazi yako halisi. Hili si jambo jipya, Berlin kwenye miaka ya 1920 huko wafuasi wa Freud, yule mwanzilishi wa tiba ya kuchambua nafsi, walishaweka mambo matatu pamoja: masomo, kazi chini ya msimamizi, na mwanafunzi mwenyewe kukaa kwenye kiti cha mteja. Hilo la tatu watu wanalikwepa sana, kozi nyingine hazilidai kabisa, mi naona anayeona aibu kuwa mteja akajiulize kwanza.

Na supavishen yenyewe iangalie vizuri. Ipo ile ya kusimulia, unafika unasema mteja alisema hivi nikamjibu vile, hapo supavaiza anasikia unachokumbuka, na sisi tunakumbuka yale tuliyofanya vizuri. Ndo maana Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walianza kurekodi vikao tangu miaka ya 1940. Utafiti wa 2004 kuhusu mahojiano ya kuhamasisha, yaani kuongea na mteja mpaka aone mwenyewe sababu ya kubadilika, ulichukua wataalamu 140, waliopata warsha pamoja na mrejesho au kocha walitoka na ujuzi zaidi kuliko wa warsha peke yake, na wale waliobaki na kitabu na video wajisomee walisogea kidogo tu. Kilichonigusa zaidi, jinsi mtu alivyojitathmini mwenyewe hakukuwa na uhusiano wowote na kilichosikika kwenye rekodi.

Kwa hiyo kabla hujalipa ada waulize chuo, rekodi zangu zitasikilizwa mara ngapi, na nani, huyo supavaiza bado anaona wateja au aliacha zamani? Wakikujibu kwa kuzunguka zunguka, jua. Mteja lazima akubali mwenyewe kurekodiwa, kwa maandishi, aambiwe nani atasikiliza na itafutwa lini, na akikataa asionyeshwe sura mbaya, hilo halina mjadala.

Mimi rekodi yangu ya kwanza nilipeleka kwa kujiamini kabisa, nilikuwa na miaka kadhaa kazini. Supavaiza akaisimamisha mahali mama mmoja alikuwa ameanza kumtaja mwanawe aliyefariki, akanyamaza, nami nikaingia na swali. Akaniuliza ulimpa sekunde ngapi? Tukarudisha tukahesabu. Mbili.