Ubaguzi wa rangi Uingereza: yanayodhaniwa na yaliyopo

Dhana: Nchi iliyoongozwa na Rishi Sunak haiwezi tena kuitwa ya kibaguzi.

Ukweli: Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, alikuwa waziri mkuu tangu Oktoba 2022 hadi Julai 2024, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, cheo cha mtu mmoja hakifuti sheria zilizowaumiza maelfu. Wazazi wake walihamia Uingereza katika miaka ya 1960, na mwaka 1968 Bunge la nchi hiyo likapitisha kwa siku chache tu sheria iliyowazuia Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza kuingia kwa hiari yao, isipokuwa wawe na mzazi, babu au bibi mwenye asili ya huko, sharti ambalo walowezi wa Kizungu walilitimiza bila taabu. Wanaomtupia lawama zote Enoch Powell, mbunge wa chama cha Conservative aliyepinga uhamiaji, wasisahau kwamba sheria hiyo ilitungwa na serikali ya chama cha Labour, wiki kadhaa kabla ya hotuba yake mashuhuri ya Birmingham. Sera ya kuwabana wahamiaji iliyotangazwa mwaka 2012 ilifuata mkondo uleule: waajiri na wenye nyumba walitakiwa kukagua hati, na wazee wa Karibiani waliofika kihalali wakiwa watoto wakapoteza kazi na matibabu, na wengine wakafukuzwa nchini.

Dhana: Brexit, yaani Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya, ndiyo iliyoleta chuki.

Ukweli: Matukio ya chuki yaliyoripotiwa polisi yaliongezeka baada ya kura ya 2016, lakini ripoti ya jaji Macpherson kuhusu mauaji ya Stephen Lawrence, kijana Mweusi, ilikuwa imeubaini ubaguzi wa kitaasisi katika polisi ya London tangu 1999.

Dhana: Ghasia za 2024 zilikuwa hasira dhidi ya wahamiaji haramu tu.

Ukweli: Baada ya wasichana watatu kuuawa katika mji wa Southport, ulienezwa uvumi kwamba muuaji ni Mwislamu aliyeingia kwa mashua, ilhali alizaliwa Cardiff kwa wazazi kutoka Rwanda. Msikiti ulishambuliwa, na Rotherham kundi la watu likajaribu kuchoma hoteli yenye waomba hifadhi. Huko Middlesbrough madereva walisimamishwa barabarani wakaulizwa kama ni weupe, kama ni Waingereza. Viza hakuna aliyeiulizia.