Saruji, oili chafu na trei za mayai: imani zinazoua nyumba za mawe za pwani

Mtu akishanunua nyumba kongwe ya mawe, iwe Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, maneno yake ya kwanza kwa fundi huwa hayo kwa hayo: "Bambua chokaa yote, tupige saruji, nyumba ipate nguvu." Baada ya hapo hufuata mengine. Dari iwe ya jipsamu, boriti zipakwe oili, milango ipitishwe mashine, na ukumbi wa juu uwekewe spika kubwa za kusimama sakafuni. Yote hayo yana la kurekebishwa, lakini hakuna linaloharibu nyumba kama lile la kwanza, wala hakuna linaloshikiliwa kwa ukaidi kama hilo. Kwa hiyo naanza nalo, na sitaliacha upesi.

"Saruji ni ngumu kuliko chokaa, kwa hiyo ukuta utadumu zaidi"

Ngumu ni kweli. Kudumu ndipo hesabu inapokosewa. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wa sm 50 hadi 60, na chini yake hakuna karatasi wala nailoni ya kuzuia maji. Unyevu wa ardhi hupanda ndani ya ukuta, mvua ya masika hupiga kutoka nje, upepo wa bahari huleta chumvi. Ukuta hunywa yote hayo, kisha huyatoa taratibu kupitia lipu ya chokaa, ambayo ina vitundu vingi vya kupitisha mvuke.

Ukipiga lipu ya saruji ya mm 20, njia hiyo umeiziba. Unyevu haupotei. Hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Lipu ikiishia mita moja, doa la maji hutokea juu ya mita moja. Mwenye nyumba akiliona huongeza saruji hadi mita mbili, na doa nalo hupanda. Mwishowe unyevu hufika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, na hapo ndipo hasara yenyewe ilipo. Kichwa cha boriti kikikaa majimaji mwaka mzima, kuvu huula mti humo humo ndani. Ukisimama chumbani boriti unaiona nzima, lakini sm 10 ndani ya ukuta imeshakuwa unga wa kahawia. Dari huanza kulala upande mmoja, na lawama zote hupewa mchwa.

Kuna na chumvi. Maji yanapokaukia nyuma ya saruji huacha chumvi pale pale, na chumvi ikiganda hutanuka na kusukuma. Lipu ya chokaa ikisukumwa hivyo humeguka yenyewe, ukaiziba sehemu ile kwa mwiko mmoja. Saruji hukaa kimya, kisha hubanduka pande kubwa pamoja na uso wa jiwe. Ndiyo maana ukuta uliovuliwa saruji huwa na mashimo ambayo hayakuwapo kabla.

Imani hii haifi kwa sababu mwaka wa kwanza ukuta wa saruji unapendeza: umenyooka, hauachi vumbi mkononi. Masika ya pili au ya tatu yakifika, fundi ameshalipwa na yuko kwingine. Na kuna chokaa iliyofanywa vibaya, ambayo imeipa saruji sifa za bure. Mtu hununua mfuko uliokaa dukani mpaka chokaa yake imekufa, akachanganya na mchanga wa ufukweni wenye chumvi, akapiga sm 3 kwa mara moja juani. Ikianguka husema chokaa ni dhaifu.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Saruji ya zamani ivuliwe kwa tindo na nyundo, kipande kwa kipande. Mashine ya kuvunjia zege isikaribie ukuta huo, maana hutikisa mawe yakaachana na udongo wake. Vua mwanzo wa kaskazi, Desemba hivi, ili ukuta ukae uchi miezi ya joto ukauke. Chumvi inayochipua nje ifagiliwe kavu, kwa brashi. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Maungo yachokolewe kina cha sm 2, yajazwe chokaa na vijiwe. Kwa nje, lipu ipigwe masika yakishapita, kuanzia Juni, wakati upepo wa kusi ni wa baridi kidogo na jua halichomi.

Chokaa bora ni ile iliyozimwa ikalazwa kwenye shimo au pipa chini ya maji kwa miezi mitatu au zaidi. Wakati wa kuzima, chokaa ndiyo inayotiwa kwenye maji. Ukiyamwaga maji juu ya chokaa hulipuka usoni, na macho hayana spea. Ukilazimika kutumia ya mfuko, hakikisha ni mpya na uiloweke angalau siku nzima, wiki kadhaa ni bora zaidi. Kipimo: karai moja la chokaa kwa makarai matatu ya mchanga wa mtoni au uliooshwa. Lowesha ukuta kwanza. Koti la kwanza lisizidi mm 10, likwaruzwe, lisubiri siku saba hadi kumi. La pili vivyo hivyo. La mwisho mm 3, chokaa moja kwa mchanga mbili, mchanga uliochekechwa. Kila koti linyunyiziwe maji asubuhi, mchana na jioni kwa wiki nzima, na lifunikwe magunia mabichi. Chokaa hushika kwa kuvuta hewa ya ukaa, na isipokuwa na unyevu haivuti. Ikikauka siku ya kwanza inabaki vumbi.

Kuna wanaotafuta njia ya kati: "Basi tutie saruji kidogo." Saruji kidogo hushika haraka kabla chokaa haijaanza, halafu chokaa inabaki bila nguvu na vitundu vimepungua. Unapata ubaya wa pande zote mbili. Ukitaka ishike upesi kidogo, tia nusu karai ya unga laini wa matofali ya kuchoma kwa kila karai la chokaa. Na ukimaliza usipake rangi ya plastiki wala ya mafuta juu yake, maana umeziba upya kile ulichokifungua. Paka chokaa nyepesi kama maziwa, makoti manne au matano membamba.

Kujua ulichonacho ni rahisi: kwaruza kwa ufunguo. Chokaa huchorwa, saruji haichoriki.

"Boriti zimechoka, tumwage zege juu"

Tabaka la saruji la sm 5 lina uzito wa kilo 115 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 2.8 kwa 7 kinabebeshwa zaidi ya tani 2 juu ya boriti ambazo umesema mwenyewe kuwa zimechoka. Kagua kwanza. Chukua bisibisi nene, isukume kwa nguvu kwenye boriti mahali inapoingia ukutani. Ikizama chini ya sm 1, boriti ni nzima. Ikizama zaidi, weka nguzo za muda na mti wa kulala chini ya boriti za jirani, kisha ingiza boriti pacha kando ya ile mbovu, moja moja, usifungue mbili kwa pamoja. Kila kichwa kiingie ukutani sm 20, kikae juu ya jiwe bapa, na kiachiwe nafasi ya sm 2 kuzunguka ili kipate hewa. Wanaokifunga nailoni "kisilowe" wanakifungia maji. Boriti za mikoko zinunuliwe kwa wenye kibali cha kukata, na Mji Mkongwe kazi yoyote ya namna hii ipitie kwanza Mamlaka ya Uhifadhi.

Dari ya jipsamu chini ya boriti nasema wazi: usiweke. Siku paa litakapovuja, hutajua mpaka boriti imeoza.

"Oili chafu inaua wadudu"

Inaua rangi ya mti, inanuka miaka, inachochea moto, na chokaa haishiki tena mahali ilipopita. Haizami zaidi ya ngozi ya mti, na dumuzi, mdudu mla mti, yuko ndani. Tumia mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki kwenye mti mkavu, kwa brashi, mara mbili au tatu. Dawa hiyo huoshwa na maji, kwa hiyo paa litengenezwe kwanza.

"Msaji na mninga hauchezi, na mashine inamaliza kila kitu"

Mti wote hucheza, yaani hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, tofauti ni kiasi. Mbao iliyokauka kwa hewa ya pwani hubaki na unyevu wa asilimia 14 hadi 16. Ukiitia kwenye chumba chenye kiyoyozi hushuka hadi karibu 10. Ubao wa msaji (mtiki) wa sm 30, uliopasuliwa ubavuni, hupungua upana karibu mm 3. Kwa hiyo paneli ya mlango isigundishwe kwenye fremu. Ielee ndani ya mfereji wa kina cha mm 12, na mm 2 au 3 za nafasi kila upande. Mbao mbichi ihesabie mwaka mmoja wa kukauka kwa kila mm 25 za unene, na ikishapasuliwa ikae wiki kadhaa chumbani itakamotumika kabla ya randa ya mwisho.

Mlango uliobana masika usiukimbilie na randa. Angalia bawaba na kizingiti, halafu subiri. Ukiuranda Aprili, Februari utapitisha kidole pembeni mwake. Na mbao kuukuu usiitie kwenye randa ya umeme kabla ya kuipitisha sumaku: msumari mmoja uliovunjikia ndani unatosha kung'oa meno ya kisu chote. Kwenye mlango wa nakshi mashine haina kazi kabisa. Hapo ni patasi kali, kikwangulio na subira.

"Tubandike trei za mayai, jirani asisikie"

Trei ya mayai ni karatasi nyepesi. Inapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, na haizuii chochote kutoka. Sauti huzuiwa na uzito na kuziba nafasi, na uzito unao tayari: ukuta wa matumbawe wa sm 50 una zaidi ya kilo 700 kwa mita ya mraba, na wenyewe ungeweza kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 50 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Tatizo ni mlango. Upenyo wa mm 10 chini ya mlango wa sm 90, kwenye ukuta wa mita za mraba 10, unaushusha uwezo wa ukuta mzima wa kuzuia sauti hadi desibeli 30 hivi, hata uwe na unene wa mita. Madirisha ya mbao yasiyo na kioo na matundu ya hewa juu ya milango ni mabaya zaidi. Weka mlango wa mbao nzito ya mm 45, raba pande zote na ubao wa kizingiti chini. Matundu ya hewa yatengenezewe vifuniko vya kuchomoa. Usiyazibe moja kwa moja, nyumba inayahitaji.

Trei zenyewe hufyonza unyevu, huota ukungu, hufuga mende, na zikishika moto chumba hakiokoleki.

Kisha besi. Vyumba hivi ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio uliopanga upana, na spika kubwa humo hupata shida ambayo pesa haiitatui. Chukua chumba cha upana wa mita 2.8, urefu 7, kimo 3.5. Upana unavuma kwenye Hz 62, yaani mitetemo 62 kwa sekunde. Kimo kinavuma kwenye Hz 50, na urefu, kwa kuwa ni kimo mara mbili kamili, nao una mvumo wake wa pili kwenye Hz 50 hiyo hiyo. Noti moja ya besi inajaa chumba na nyingine hazisikiki. Mteja husema spika ni mbovu, akanunua kubwa zaidi. Kinachosaidia ni mahali: spika ziwe upande mfupi zikitazama urefu wa chumba, ziachane na ukuta wa nyuma kwa sm 60 hadi mita moja, na umbali huo usilingane na ule wa ukuta wa pembeni. Kiti kisiegemee ukuta. Kiwe theluthi ya urefu kutoka nyuma. Kwa mwangwi, tengeneza fremu za mbao, jaza usumba wa nazi unene wa sm 10, vika kitambaa, tundika sm 10 mbali na ukuta. Nafasi hiyo pia inaacha chokaa ipumue. Fremu hizo hushika sauti kuanzia Hz 250 hivi kwenda juu. Besi ya Hz 50 itazipita kana kwamba hazipo.

"Kasha la spika liwe la msaji mtupu"

Kwa sababu zile zile za kucheza, kasha la ubao mzima hufunguka maungio na kuvuja hewa. Plaiwudi ya baharini ya mm 18, yenye mihimili ya ndani kila sm 25, ni bora, na msaji uwe ngozi ya nje tu. Ubao wa unga wa mbao (MDF) huvimba pembe kwa unyevu wa pwani. Spika kuukuu zenye ukingo wa sponji zikaguliwe kwa kidole: ukimeguka, badilisha kabla ya kuziwasha.

"Ukisikia mvumo, kata mguu wa athi kwenye plagi"

Huu ni mtego wa kifo, maana athi ndiyo njia ya umeme uliovuja kwenda ardhini, na kwenye nyumba yenye kuta zenye unyevu ni mtego uliotegwa tayari. Mvumo wa Hz 50 kwenye spika mara nyingi hutoka kwa vyombo vilivyochomekwa soketi tofauti. Amplifaya, kichezeshi na sabufa vyote vichomekwe kwenye soketi moja ya ukutani. Nyumba nyingi kongwe hazina athi kabisa, kwa hiyo fundi umeme aipime kwanza, achimbie fimbo ya athi ikibidi, na aweke swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Nyaya zipite juu ya ukuta ndani ya mfereji wa mbao. Asichimbe njia ya kulala kwenye matumbawe kwa grainda, kwa sababu atakata mawe yanayobeba ghorofa ya juu, na baadaye atataka kuziba kwa saruji.