Plebaki ya Lata si plebaki mnayoijua

Jumamosi iliyopita nilikuwa nakunja nyaya zangu baada ya harusi, hapa Mombasa, kijana wa kinanda akanijia na kuniambia, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kutilia shaka jambo lolote: "Mzee, huyo Lata Mangeshkar wako na waimbaji wenzake wa filamu za Kihindi unaowasifia kila siku, si walikuwa wanaimba plebaki tu?" Huyo ni wa tatu tangu Ramadhani iishe. Nilinyamaza, nikaendelea na waya wangu. Lakini usiku usingizi haukuja, kwa hiyo leo natoa la moyoni.

Kwetu plebaki ni aibu. Msanii anapanda jukwaani, didjei anafungulia wimbo wenye sauti yake mwenyewe ndani, yeye anarukaruka na maiki iliyozimwa. Umelipa kiingilio kumwangalia mtu akifungua mdomo. Kwenye filamu za Kihindi neno ni lile lile, ila mwimbaji wa plebaki ndiye anayeimba kwelikweli. Wa kufungua mdomo ni mwigizaji. Wimbo unarekodiwa kwanza, halafu siku ya kupiga picha unafunguliwa kwa spika pale pale kwenye seti, na Nargis au Madhubala anaufuatisha kwa midomo. Basi. (Na wewe shangazi unayeapa kwamba Madhubala alikuwa na sauti ya kinanda: uzuri alikuwa nao, sauti ile haikuwa yake.)

Mwanzoni waigizaji waliimba wenyewe mbele ya kamera, wapiga ala wamejificha mahali picha isipowaona. Mwaka 1935, kule Calcutta, studio ya New Theatres ikatoa Dhoop Chhaon, nyimbo zimerekodiwa pembeni, na tangu hapo kazi ikagawanyika: mwenye sura na mwenye sauti. Historia inatosha.

Ninachotaka mkielewe ni chumba chenyewe. Chukueni Bombay ya miaka ya 1950. Mwimbaji na ala zote wako ndani kwa wakati mmoja: fidla, tabla, sitari, filimbi, pengine watu 40 au zaidi. Hakuna kurekodi mstari leo na mstari kesho. Hakuna kukata neno lililopinda na kubandika jingine. Mpiga fidla wa safu ya nyuma akikosea kwenye sekunde za mwisho, wote wanaanza upya, na mwimbaji lazima alete tena huzuni ile ile kana kwamba ndiyo kwanza ameachwa. Siku hizi naletewa mtu anayeimba neno moja moja, mimi nikae usiku kucha namshonea wimbo kama fundi wa kanzu, kisha ananiambia Lata alibebwa na mitambo! Mitambo gani?

Tena kuna pumzi. Maiki iliyo karibu inasikia kila kitu: mate, meno, na ule mvuto wa hewa kabla ya mstari. Mtunzi Anil Biswas alimfundisha Lata namna ya kujiepusha kidogo na maiki, avute hewa polepole, arudi, bila msikilizaji kujua kwamba kuna mahali aliondoka. Sikilizeni nyimbo zake za miaka ile kwa spika za masikioni mtafute alipopumua. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na kuna mistari mpaka leo sijui hewa aliiingiza kwa mlango gani.

Lata alizaliwa Indore, India, tarehe 28 Septemba 1929. Baba yake, Deenanath Mangeshkar, mwimbaji na mwigizaji wa jukwaani, alifariki 1942 akaacha watoto watano, Lata ndiye kifungua mimba. Akaingia kwenye filamu kutafuta riziki ya nyumba nzima. Wimbo wake wa kwanza, wa filamu ya Kimarathi, uliondolewa kabla filamu haijatoka. Baadaye mtunzi Ghulam Haider akampeleka kwa mtayarishaji Sashadhar Mukherjee, naye akamkataa: sauti nyembamba mno. Haider akamwimbisha mwenyewe kwenye filamu ya Majboor, 1948. Watu husimulia kisa hiki wakimcheka Mukherjee. Mimi simcheki. Wakati ule masikio yalikuwa yamezoea sauti nzito kama ya Noor Jehan au Shamshad Begum. Angekuja kwangu binti mwembamba mwenye sauti kama uzi, huenda nami ningemwambia asubiri apigiwe simu.

Mwaka 1949 ikaja filamu ya Mahal. Mtunzi wake, Khemchand Prakash, alitaka wimbo uanze kama unatoka mbali na kusogea. Leo ningevuta kitufe kimoja tu. Lata alisimulia kwamba maiki iliwekwa katikati ya chumba, yeye akaanzia pembeni akiimba huku anajongea hatua kwa hatua, afike pale pale mstari unapomtaka awe amefika. Wimbo ukavuma. Na kwenye sahani jina la mwimbaji liliandikwa Kamini, yaani jina la mhusika aliyeigizwa na Madhubala! Wasikilizaji wakaandika barua redioni kuuliza ni nani huyu, mpaka jina lake likatangazwa.

Sisi wa pwani tusijifanye watakatifu hapo. Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu, alitia maneno ya Kiswahili kwenye mahadhi ya Kihindi, watu wakatokwa na machozi, na ni wachache waliouliza nani aliimba mwanzo.

Tuzo za Filmfare, za filamu za Kihindi, zilianza zikiwapa watunzi wa muziki, waimbaji hawana fungu. Lata aligoma kuimba kwenye hafla yao. Fungu lilipowekwa, 1959, la kwanza alilichukua yeye. Kisha akadai waimbaji wapate mrabaha wa sahani, mwimbaji mwenzake Mohammed Rafi akasema ukishalipwa umelipwa, wakakaa miaka bila kuimba pamoja. Nampenda sana Rafi. Kwenye hili alikosea.

Sasa ile namba. Kila mtu ananitajia kwamba Lata alirekodi nyimbo 25,000. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliiandika 1974, Rafi akapinga, baadaye wenyewe wakaiondoa, na 2011 wakamtaja mdogo wake Lata, Asha Bhosle, kwa nyimbo zinazofikia 11,000. Pigeni hesabu ya dukani tu: kutoka 1948 mpaka 1974 ni zaidi ya nyimbo 900 kwa mwaka. Filamu za Kihindi zilikuwa mia na ushee kwa mwaka, zipeni nyimbo nane nane. Ina maana aliimba zote, pamoja na za Rafi na za Mukesh, na za mtunzi O.P. Nayyar ambaye hakumwita hata siku moja. Hata ukiongeza Kimarathi na Kibengali, haifiki. Ukubwa wake hauhitaji chumvi hiyo.

Na nina dukuduku ambalo mashabiki hawapendi nilitaje. Sauti moja ya juu, nyembamba, ikawa ndiyo sauti ya mwanamke mwema kwenye filamu kwa miongo, akiwaimbia wasichana wa miaka 18 yeye ana zaidi ya 50. Wenye sauti nzito wakabakiziwa nyimbo za vilabu na vichekesho. Sijui niliweke wapi hili. Najua tu kwamba wanafunzi wangu, wasichana wenye vifua vya kutikisa ukumbi, wanajinyonga koo wafike alikofika yeye, na mimi ndiye niliyewapa kanda wasikilize.

Yule kijana wa kinanda nilimwita studio Jumanne. Nikaacha maiki moja katikati ya chumba, nikamwambia asimame kule pembeni kwenye kabati la nyaya, aimbe mstari mmoja wa taarabu anaoujua, huku anasogea. Mara ya kwanza viatu vilisikika kuliko sauti. Nikamwambia Lata alikuwa akivua viatu kila anapoimba, akavua. Mara ya pili alifika kwenye maiki mstari haujafika nusu, akasimama pale kama anayengoja matatu. Mara ya tano pumzi ilimwishia hatua mbili kabla.

"Mzee, hapa si unaongeza tu baadaye kwenye kompyuta?"

Nikamrudisha kwenye kabati.