Kufuma ndiko kubuni

Juzi nimeulizwa tena, mbele ya kitambaa kilichofumwa na mwanamke: "Na aliyekibuni ni nani?" Swali hili limenichosha. Anayeuliza ameshaamua kwamba mwanamume alichora na mwanamke akafuata kwa mikono.

Kwa nguo ya kupigwa chapa, sawa, mchoro huja nguo ikiwa tayari. Kwenye kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, mambo ni tofauti kabisa. Ukishatanda nyuzi, ukaamua mtande, yaani nyuzi za urefu, ubanane kiasi gani, mshindio, uzi unaopita kati yake kwa upana, uruke nyuzi mbili au tatu, na wapi pamba ipishe hariri, umeshabuni. Ruwaza haikai juu ya nguo. Ndiyo nguo yenyewe. Weka mshindio mwembamba badala ya mnene, hesabu ileile, na duara lako litabonyea kama yai. Anayeyajua hayo kabla ya kurusha mshindio wa kwanza tumwite nani, kama si mbunifu?

Mtazame mfumaji Anni Albers. Kazi yake ya kuhitimu Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, mwaka 1930, ilikuwa kitambaa cha ukutani kwa ukumbi wa shule ya wafanyakazi huko Bernau. Upande mmoja ulimeza sauti. Mwingine, wenye nyuzi za selofani, ile karatasi angavu inayong'aa, ulirudisha mwanga. Mchoro wa karatasini haumezi sauti. Uzi ndio unaomeza.

Na wanaodhani mwanamke alikuwa mikono tu wamsome Anna Maria Garthwaite. Katika karne ya 18, Spitalfields, mtaa wa wafumaji wa hariri jijini London, yeye alibuni hariri na wanaume wakafuma. Michoro yake ya rangi ya maji imebaki kwa mamia, mingi ikiwa na jina la mfumaji aliyeinunua.

Bado kuna mambo yananitatiza. Karakana ya ufumaji ya Bauhaus, iliyoongozwa na Gunta Stölzl kuanzia 1927 hadi 1931, tunaisifu sana, lakini wanawake wengi walisukumwa humo kwa kufungiwa milango ya karakana nyingine. Albers mwenyewe hakuanza kwa kupenda uzi. Kuiita karakana ile ushindi mtupu kunanikwama kooni.

Hata huku kusaka jina la mbunifu nimeanza kukutilia shaka. Nguo nyingi zimepita mikononi mwa wanawake kadhaa: mmoja alisokota, mwingine akatia rangi, mwingine akatanda, na kila mmoja aliamua jambo linaloonekana kwenye nguo. Nikimchagua mmoja nimpe sifa yote, wale wengine nimewarudisha kuwa mikono tu.