Flajelini: protini ya bakteria inayoamsha seli za kinga

Flajelini ni protini inayojenga flajela, ule uzi mrefu ambao bakteria kama Salmonella wa homa ya matumbo huuzungusha ili aogelee. Uzi mmoja huweza kuwa na molekuli 20,000 hivi za flajelini. Mwili wa binadamu hautengenezi protini hii, kwa hiyo seli inayokutana nayo ina kila sababu ya kushtuka.

Kipokezi kinachoinasa ni TLR5, kwenye utando wa seli. Wengi hulisahau hili: TLR5 haiutambui uzi ukiwa mzima. Sehemu inayonaswa imefichwa pale molekuli zinaposhikana, hivyo zinazoamsha kinga ni zile zilizobanduka. Bakteria naye hawezi kuibadilisha sehemu hiyo ovyo, maana bila hiyo uzi haujengeki. Hata hivyo, Helicobacter pylori wa vidonda vya tumbo ameibadilisha na bado anaogelea, na TLR5 haimtambui.

Flajelini ikinaswa, TLR5 mbili huungana na kuivuta MyD88, protini ya kupokezana ishara, upande wa ndani wa seli. MyD88 hukusanya vimeng'enya IRAK4 na IRAK1, navyo huiamsha protini TRAF6, ambayo kupitia kimeng'enya TAK1 hukiamsha kingine, IKK. IKK hubandika fosfeti kwenye IκB, protini inayoishikilia NF-κB, protini ya kuwasha jeni, isiingie kwenye kiini cha seli. IκB iliyobandikwa fosfeti huvunjwavunjwa; NF-κB huingia kwenye kiini ndani ya nusu saa hivi na kuwasha jeni za TNF, IL-6 na IL-8, ambazo ni saitokini, yaani protini za seli kupashana habari, hii ya mwisho ikiwa ndiyo inayoita neutrofili, seli nyeupe za damu. Katika jeni zinazowashwa imo pia ya IκB yenyewe, na hiyo ndiyo breki. TNF ikizagaa kwenye damu ya mwili mzima, mishipa hutanuka na kuvuja, presha ikashuka.

Flajelini ikipenya hadi ndani ya makrofaji, seli ya kinga inayomeza vijidudu, hunaswa na protini NAIP, ambayo huungana na nyingine, NLRC4, na kuamsha kimeng'enya kaspasi-1: saitokini IL-1β hutolewa, seli ikapasuka. Salmonella akishaingia humo hupunguza utengenezaji wa flajelini.

Maabarani, kosa linaloharibu majaribio mengi ni uchafu wa LPS, molekuli ya mafuta na sukari iliyo kwenye utando wa nje wa bakteria kama E. coli. Flajelini iliyozalishwa kwa E. coli hubeba LPS ya bakteria huyo, nayo huamsha TLR4, kipokezi kingine, kinachotumia MyD88 hiyohiyo na kutoa saitokini zilezile. Kuchemsha hakutenganishi mambo: LPS huhimili, na flajelini nayo hupashwa hadi sentigredi 70 makusudi ili nyuzi ziachane, ikabaki na nguvu yake. Pima LPS kwanza kwa kipimo cha LAL, kinachoigundua LPS. Kisha weka dawa ya polimiksini B kwenye sampuli moja, kwa sababu hufunga LPS, na kimeng'enya proteinezi K kwenye nyingine, kwa sababu huikatakata flajelini. Ishara ikipotea kwa polimiksini na kubaki kwa proteinezi, ulichokuwa unapima ni LPS.