Acheni kuosha tambi! Pasta ya soseji na hoho, mnapokosea

Jamani leo nalisema maana wiki hii tu nimelisikia mara nne, na mara ya nne ni jana jioni, mama mmoja hapa Mwanga, Kigoma, kanipigia simu analalamika pasta ya soseji na hoho niliyomfundisha eti haishiki sosi, sosi yote imeshuka chini ya sahani imetuama. Nikamuuliza, mama, baada ya kumwaga maji ulifanyaje? "Si nikazisuuza na maji ya baridi anti, zisinatane." Kanijibu hana hata wasiwasi. Nilinyamaza kwanza.

Sikieni. Ule utelezi unaouona kwenye tambi zikishaiva sio uchafu, ni wanga, na huo wanga ndio unaoshika sosi. Ukizisuuza umeumwaga wote na juu ya hapo umezipoza, sasa tambi ya baridi imepauka ukiitia kwenye sosi inateleza tu kama mgebuka umetoka ziwani sasa hivi, halafu mnasema mapishi ya Kitaliano hayana ladha! Kusuuza ni kwa tambi za saladi, zile za kuliwa baridi, basi.

Na kunatana hakuletwi na kutokusuuza. Tambi zinanatana dakika mbili za mwanzo, pale wanga wa juu unapovimba na wewe umeshaenda kuangalia tamthilia. Simama hapo ukoroge. Maji yawe mengi, lita moja kwa kila gramu 100, kwa hiyo paketi ya gramu 400 ni lita nne, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu kwa kila lita (ndio, nyingi, nyingi inabaki kwenye maji). Kabla hazijaiva kabisa, kama bado dakika mbili, zitoe uzitie moja kwa moja kwenye kikaango chenye soseji na hoho pamoja na kikombe kimoja cha yale maji yake, ugeuze geuze kwenye moto. Ule wanga unaunganisha mafuta ya soseji na maji, sosi inakuwa nzito inang'aa na kila tambi inavaa. Mimi hata wageni wakiwa wameshakaa mezani hatua hii siiruki, wasubiri.

Kutia mafuta kwenye maji ya kuchemshia nako ni kosa lile lile. Mafuta yanaelea, yawe ya alizeti yawe mawese yetu, hayaendi kule chini tambi ziliko. Yanakuja kuzipaka wakati unachuja tu, sosi inateleza tena. Yatunze ukaangie.

"Paketi imesema dakika nane, mbona bado ngumu, hizi ni feki." Sio feki ndugu yangu. Huku ziwani tuko kama mita 770 na kidogo juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, na Tabora walioko kama mita 1,200 ni nyuzi 96, kwa hiyo ongeza dakika moja na uonje, meno unayo.

Hoho inawasha? Hapana, haina kile kinachowasha kwenye pilipili kichaa. Na nyekundu sio kali kuliko ya kijani, ni ile ile imeachwa ikaiva mtini, ndo maana tamu zaidi na ina vitamini C zaidi. Kaanga soseji kwanza mpaka ziwe kahawia, zitoe, halafu hoho na kitunguu kwenye mafuta yale yale, swaumu na nyanya baadaye.

Soseji lazima nguruwe? Waitaliano wenyewe wanatumia nguruwe sana, ila ladha ile mnayoitafuta mara nyingi ni mbegu za shamari. Wateja wangu wa Ujiji nawafanyia nyama ya ng'ombe ya kusaga, shamari, swaumu, pilipili manga, na sahani zinarudi tupu. Usizitoboe soseji mbichi, unatoa utamu wote, punguza moto hazitapasuka. Na zile za dukani kubaki na rangi ya pinki sio ubichi, ni chumvi za kuhifadhia.

Halafu yule kijana anayebisha kila darasa kwamba Marco Polo ndiye aliyepeleka tambi Italia kutoka China: Marco Polo karudi Venice 1295, wakati al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, alishaandika habari za tambi zinazotengenezwa Sicily na kusafirishwa kwa meli mwaka 1154. Na aliziita kwa jina la Kiarabu, itriyya. Basi tuendelee kupika.

Yule mama kanitumia meseji asubuhi hii, "anti, na maji ya uvuguvugu je?" Sijamjibu.