Kinachopaa ni Maji, Chumvi Hubaki: Dhana Potofu Kuhusu Kujaza Tangi la Samaki wa Baharini

"Maji yaliyopungua ni ya bahari, kwa hivyo yajazwe maji ya bahari." Kauli hii, kwa maneno haya au yaliyo karibu nayo, ndiyo ninayoisikia zaidi katika nyumba za Nyali, Kizingo na Bamburi hapa Mombasa ninakoitwa kutazama matangi ya samaki wa baharini, hasa wakati wa kaskazi, joto linapozidi na feni zinapozunguka kutwa juu ya maji. Anayeisema huwa ni mtu mwenye nia njema, aliyegharimika kwa tangi, pampu na taa, na ambaye hutuma kijana ufuoni na mitungi ya lita 20 akiamini kwamba anawatendea samaki wake hisani. Baada ya majuma machache huniita kwa sababu kamba wamekufa, matumbawe yamejikunja na samaki wanahema kwa kasi, naye hushuku chakula, ugonjwa au aliyemuuzia samaki. Nikipima chumvi, sababu hujulikana papo hapo. Nimechoka kulieleza jambo hili mlangoni huku mitungi mingine ikiwa njiani, na ndiyo maana ninaliandika kwa ukamilifu.

Dhana ya kwanza: maji ya bahari hujazwa kwa maji ya bahari

Maji ya bahari yanapogeuka mvuke, kinachoondoka ni maji matupu. Chumvi haina njia ya kupaa kwa joto la sebuleni. Hubaki yote ndani ya tangi, katika maji yanayozidi kupungua. Mkazi wa Pwani hana haja ya kwenda mbali ili auone ukweli huu. Huko Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua na upepo huyakausha, kisha chumvi iliyobaki hukwanguliwa na kukusanywa. Mwenye tangi anayefidia mvuke kwa maji ya bahari kila siku anafanya kazi ile ile ya mabwawa ya chumvi, isipokuwa yeye anaifanya juu ya viumbe walio hai.

Hesabu yake ni nyepesi, na ningependa kila mwenye tangi aifanye mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Kwa makadirio yanayotosha matumizi ya nyumbani, maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hivyo tangi la lita 200 lina kilo 7 za chumvi. Tuseme tangi hilo halina kifuniko na linapoteza lita 2 kwa siku. Kila lita 2 za bahari zinazomiminwa humo huleta gramu 70 mpya za chumvi, ilhali hakuna hata gramu moja iliyokuwa imeondoka. Siku 30 zikipita, zimekwisha kuingia gramu 2,100. Maji ni lita 200 zile zile, lakini chumvi sasa ni kilo 9.1, yaani gramu 45.5 kwa lita. Samaki waliovuliwa katika miamba yetu hawajawahi kukutana na maji makali kiasi hicho katika maisha yao.

Wapo wanaonijibu kwamba bahari nayo hupoteza maji kwa jua na hakuna anayeijazia. Bahari hujaziwa, na hujaziwa kwa maji matamu: mvua za masika na za vuli, pamoja na mito kama Sabaki na Tana, ndizo zinazorudisha kile ambacho jua limekichukua. Mahali ambapo mvua ni haba na mito haipo, bahari yenyewe hukolea. Kaskazini mwa Bahari ya Shamu kiwango cha chumvi hufikia takriban gramu 40, kwa sababu hiyo hiyo ya mvuke usiofidiwa. Katika tangi la nyumbani, mvua ni mwenye tangi mwenyewe.

Madhara yake kwa viumbe hayasubiri chumvi ifike gramu 45. Mwili wa samaki wa baharini una chumvi pungufu kuliko maji yanayomzunguka, kwa hivyo hupoteza maji muda wote kupitia matamvua, hulazimika kunywa maji ya bahari, na hutumia nguvu kuitoa chumvi ya ziada. Chumvi ya nje inapopanda, kazi hiyo huongezeka, na wakati huo huo maji yenye joto na chumvi nyingi hubeba oksijeni kidogo. Ndiyo maana mnamwona anahema. Matumbawe na kiti cha pweza hawana hata uwezo huo wa kujirekebisha, kwani umajimaji wa miili yao hufuata ule wa nje, na hivyo wao huumia kabla ya samaki kuonyesha dalili yoyote. Maji nayo hubaki maangavu tangu mwanzo hadi mwisho. Jicho halipimi chumvi, ulimi haupimi chumvi, na hidromita ya mshale (kipimo cha chumvi cha bei nafuu) yenye viputo vya hewa vilivyonata juu ya mshale hudanganya. Nunua refraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, na uisahihishe kwa mmumunyo maalumu wa gramu 35, kwa sababu chombo kinachosema kweli kwenye sifuri kinaweza kukosea kwenye kiwango unachokihitaji.

Maji ya bahari yana mahali pake, napo ni pale unapobadilisha maji. Ukivuta lita 20 kwa mpira pamoja na uchafu wa chini, umetoa maji na chumvi yake, na unapaswa kurudisha maji yenye chumvi ya kiwango kile kile, yawe ya bahari safi au ya chumvi ya akwariamu iliyochanganywa. Maji yaliyotoka kwa mvuke hurudishwa matamu. Maji yaliyotoka kwa mpira hurudishwa ya chumvi. Wengi huchanganya kazi hizi mbili, wakadhani kwamba anayejazia kila siku hana haja ya kubadilisha. Kujazia hakuondoi naitreti, yaani taka inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, hata chembe. Na iwapo ni lazima utumie maji ya bahari kwa kubadilisha, yatoke bahari wazi wakati maji yamejaa, mbali na hori ya Tudor na mbali na bandari ya Kilindini.

Dhana ya pili: maji matamu yoyote yanafaa

Nikishamshawishi mtu aache maji ya bahari, mara nyingi hukimbilia mfereji au kisima. Hapa sheria ni ile ile: chochote kilichoyeyuka katika maji ya kujazia hakitoki na mvuke, bali hurundikana. Maji yenye miligramu 300 za vitu vilivyoyeyuka kwa lita, yakijaziwa lita 2 kila siku kwa mwaka mmoja, huacha tangini gramu 219 za vitu ambavyo hukuvichagua.

Kulaza maji ya mfereji usiku kucha kwenye ndoo hupunguza klorini, lakini chokaa, naitreti na madini mengine hubaki pale pale. Kuyachemsha huua vijidudu, na sehemu kubwa ya vitu vilivyoyeyuka hubaki katika maji machache zaidi. Maji ya visima vya kisiwani hukaa ndani ya jiwe la matumbawe, mengi yake yana chumvi na chokaa, na pale ambapo vyoo vya shimo vimechimbwa karibu hubeba naitreti pia. Sitaki kuyaona karibu na tangi lolote. Maji ya mvua yaliyopita juu ya paa la mabati huchukua zinki, vumbi na kinyesi cha ndege.

Maji yanayotona kutoka kwenye kiyoyozi ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa watu wenye elimu nzuri huniambia kwamba hayo ni maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke, na kwamba ni ya bure. Ni kweli kwamba yametokana na mvuke, lakini yametiririka juu ya mabomba ya shaba na mapezi ya alumini yenye vumbi na utelezi wa ukungu. Shaba, hata kwa kiasi kidogo sana, huua kamba, konokono na matumbawe.

Tumieni maji ya mashine ya RO, yaani yaliyosukumwa kupitia utando unaozuia vitu vilivyoyeyuka. Yakinunuliwa kwenye duka la kujaza maji ya kunywa, pimeni kwa kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) kabla ya kulipa, kwa sababu maduka mengine huongeza madini ili maji yapendeze mdomoni, na mengine hayajabadilisha chujio kwa muda mrefu. Nataka kipimo kisome sifuri au karibu yake.

Dhana ya tatu: kujazia mara moja kwa wiki kunatosha

Hakutoshi. Tangi lile la lita 200 likipoteza lita 14 kwa wiki, chumvi hupanda hadi kukaribia gramu 38, kisha hushuka ghafla ndoo inapomiminwa, na viumbe huyumbishwa kila Jumamosi. Bandikeni utepe kwenye kioo pale maji yanapopaswa kufika, na mjazie kila asubuhi. Kwenye mfumo wenye tangi la chini, yaani tangi dogo la pampu na vichujio chini ya tangi kuu, utepe huo uwekwe kwenye chumba cha pampu, kwa maana hapo ndipo upungufu huonekana. Anayependa kifaa kinachojazia chenyewe akipe hifadhi ndogo ya maji: boya likinasa na lita 10 zote zikaingia, chumvi itashuka hadi gramu 33 hivi, jambo linalovumilika, ilhali pipa la lita 100 lingeleta maafa.

Ukoko mweupe unaoganda kwenye kingo za kioo na povu linalotolewa na mashine ya kuondoa uchafu kwa povu hupunguza chumvi kidogo kidogo, lakini si sababu ya kutia kijiko cha chumvi kwa kukisia. Pimeni kila wiki.

Kwa aliyekwisha kujazia bahari akakuta gramu 42 katika lita 200, tiba ipo, na haitaki haraka. Kila siku toeni lita 7 za maji ya tangi na mrudishe lita 7 za maji ya RO, mbali na fidia ya mvuke ya siku hiyo, mkiyamimina polepole mahali penye mkondo wa pampu na si juu ya matumbawe. Chumvi itashuka kwa gramu moja na nusu hivi kwa siku, na siku ya tano itakuwa imefika 35. Pimeni kila asubuhi kabla ya kutoa lita 7 nyingine, na kipimo kikionyesha kwamba imeshuka kwa zaidi ya gramu 2 tangu jana, pumzikeni siku moja kabla ya kuendelea.